Kasa Mkononi mwa Sefu

Tulipofiwa na Sefu nilikwenda Mlandizi, nikakaa kwenye mkeka wa nyuma kabisa pamoja na majirani waliokuja kwa ajili ya pilau. Sisemi kwa ubaya. Msiba una wenyewe na una walaji, na kwa hesabu za ukoo mimi nilikuwa binamu tu, kikongwe niliyetoka Visiga na magoti yangu mabovu. Binti mmoja aliyekuwa akigawa maji ya kunawa aliinama kwa adabu, akaniamkia, akaniuliza marehemu alikuwa nani yangu. Nikamwambia ni mtoto wa shangazi. Akanipa pole inayomfaa mtu aliyefiwa na mtoto wa shangazi, akapita kwa mwingine. Mbele, karibu na mlango, walikaa wanawe na wajukuu zake, na mjane wake amejifunika shuka, mwanamke mwema ambaye sina neno naye. Yeye ana maisha mazima ya Sefu. Mimi nina mwaka mmoja tu, na hata huo sikuupata kwa macho. Sehemu kubwa niliusikia kupitia ukutani. Lakini nilipokuwa pale, pilau ikipoa mapajani, niliona kwamba mwaka wenyewe haujanitoka hata kidogo. Niliporudi Visiga nilikaa kutwa nzima bila kusema na mtu, kisha nikaanza kuandika.

Ni mwaka uliofuata kumalizika kwa vita kuu ya pili, nami nilikuwa mwali. Wasichana wa leo neno hilo huliimba harusini, wakadhani ni sifa ya uzuri. Kwetu lilikuwa na maana ya kufungiwa. Nilipovunja ungo, Bibi mzaa baba, Bi Mwanamvua, alinichukua nyumbani kwake katika kijiji cha Kurui, Kisarawe, akaniweka chumba cha ndani, kisicho na dirisha, chenye kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji na harufu ya moshi iliyokuwa imeingia kwenye fito za ukuta tangu kabla sijazaliwa. Humo mwali hukaa mpaka ngozi yake ing'ae na wazee waseme amefundika. Haonani na jua, haonani na wanaume, hapazi sauti. Nilipewa mwanahiti, kile kisanamu cha mti wanachopewa mabinti waliofungiwa, nimpake mafuta ya nyonyo kama mtoto, na kwa kuwa sikuwa na mwenzangu, nilimpaka na kumsimulia mambo mpaka akawa anateleza mkononi. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, jioni tena ugali, na Bibi amesimama mlangoni kuhakikisha sibakishi. "Kula, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, "mume wetu akirudi asije akaniona mimi ndiye mnono."

Huyo mume wetu ndiye Sefu. Bibi alikuwa bibi yake pia, mzaa mama, na kwa utani wa bibi na wajukuu alimwita mume wake. Kwangu mimi ndiye niliyeposwa naye tangu sijaota meno ya pili, mtoto wa shangazi kwa mtoto wa mjomba, kama ilivyokuwa desturi. Alichukuliwa jeshini akiwa kijana wa kufukuza ndege shambani, akapelekwa Burma, na kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai. Mimi nilimkumbuka kwa kitu kimoja: aliwahi kunibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, na katikati ya maji akasimama akaniuliza kama ninaogopa, nikasema siogopi, akasema yeye anaogopa. Nilimpenda kwa jibu hilo. Sikuwa na sababu nyingine na sikuitafuta.

Alirudi wakati wa masika. Nilisikia vigelegele, nikasikia Bibi akilia na kumtukana kwa furaha, nikasikia sauti nzito ambayo sikuijua ikiitikia shikamoo za watoto. Nilibana jicho kwenye ufa wa udongo nikaambulia kipande cha suruali ya jeshi. Kisha wakati wa alasiri ukaingia, wanaume wakaenda nyuma ya nyumba kutawadha, na kelele zote zikakatika ghafla. Sefu alikuwa amevua shati. Nilielewa baadaye, kwa vipande vya maneno ya wanawake jikoni: mkono wake wa kushoto, kuanzia bega mpaka kiwiko, ulikuwa mweusi kwa michoro, si chale za kwetu, bali mistari na pembetatu na mawimbi yaliyosongamana hivi kwamba ngozi yake ya asili ilionekana katikati tu, mahali palipobaki. Baba yangu, Mzee Kondo, aliyekuwa amebeba birika, aliliweka chini asimmiminie maji.

Siku hizi nikienda dukani hapa Visiga napita kibanda cha kinyozi ambapo vijana huchorwa tatuu, na mchoro wanaoupenda sana ni huohuo. Wanauchagua kwenye simu. Mjukuu wangu anayefundisha jiografia ndiye aliyenieleza kwamba visiwa ulikotoka huitwa Polinesia, viko katikati ya bahari kubwa kuliko bahari zote. Nilimsimamisha kijana mmoja mwenye kasa begani, nikamuuliza maana yake. Akacheka, "Bibi, hii swaga tu, urembo." Sikumkasirikia, ana bahati. Sefu hakuruhusiwa kusema ni swaga. Wiki ile ile aliyorudi, Kurui nzima ilikuwa imeshamsemea maana ya mkono wake. Mmoja alisema ni mkataba na majini ya baharini, mwingine kwamba ameoa huko na hiyo ndiyo hati ya ndoa, wa tatu kwamba ameritadi na alama ni za dini yake mpya. Shangazi yangu, mama yake Sefu, alishakufa, basi hapakuwa na mtu wa kuwafunga watu midomo kwa ukali. Na baba yangu, ambaye hofu yake kubwa duniani ilikuwa kuchekwa, aliacha kabisa kutaja tarehe ya harusi.

Aliyeuliza ni Bibi peke yake. Ilikuwa kipupwe, asubuhi, yeye anachambua kunde nje ya jiko na Sefu amekaa kwenye kinu kilicholazwa, na jiko na chumba changu vilitenganishwa na ukuta mwembamba ambao nadhani Bibi aliujua wembamba wake. Alimwambia, "Haya mume wangu, nisomee hiyo nguo uliyovaa." Sefu akaanza. Alisema alijeruhiwa paja akapelekwa hospitali ya jeshi huko Seloni, kisiwa kilicho karibu na Bara Hindi, na kitanda cha jirani alilazwa mpishi wa meli, mtu mnene wa visiwa vya mbali, na wote wawili walikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Mtu yule alikuwa amechorwa kiuno chote mpaka magotini. Kwao, alisema, mtu asiyechorwa ni kama nyumba isiyoezekwa. Walipopata nafuu alitengeneza kichana cha mfupa, akakifunga kwenye kijiti, akachovya kwenye masizi ya taa, akawa anakigonga kwa kijiti kingine, tak tak tak, siku baada ya siku, na Sefu akalia machozi na yule mtu akamwimbia.

Kila kitu kilikuwa na jina. Begani alikuwa kasa, kwa sababu kasa huzunguka bahari zote na kurudi kutaga kwenye mchanga aliozaliwa. Ni mnyama wa mtu anayetaka kufika kwao. Sefu alimwambia mpishi kuwa yeye ni Mwislamu, viumbe vyenye sura hawezi kuvibeba mwilini, na yule mtu akafikiri, akamchora kasa kwa gamba lake tu, bila kichwa wala macho. Chini ya kasa mawimbi, ndiyo safari, na ndiyo njia wanayopita wafu wa kwao. Kisha mstari wa vijitu vidogo visivyo na nyuso, vilivyoshikana mikono, ndio ukoo, walio hai na waliotangulia, hakuna anayeachia mkono. Mpishi alitaka kuongeza ncha za mikuki, alama ya shujaa. Sefu akazikataa. Alisema hakuwa shujaa, alikuwa mzima tu.

"Na haya meno?" Bibi aliuliza.

Nikasikia kunde zikimwagika kwenye ungo, kidogo kidogo. Sefu akasema ni meno ya papa, huko kwao ni kinga, lakini yeye aliomba yawe kitu kingine na mpishi akamruhusu. Kila jino ni mwenzake aliyebaki Burma. Akaanza kuwataja, akishika jino moja moja, na sauti yake haikubadilika, kana kwamba anaita majina ya watu waliopanga foleni ya chakula. Wengi walikuwa na majina ya makabila nisiyoyajua. La mwisho, karibu na kiwiko, alilitaja kwa urefu: Chande, wa kijiji cha Janga, aliyelala naye chandarua kimoja, aliyezama matopeni kwenye mvua wakivushwa mto, na hawakumpata. "Hawana kaburi, Bibi," alisema. "Hata mmoja hana. Wamo humu."

Bibi aliweka ungo chini. Alisimama, akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaketi kwenye kitanda akafungua kanga yake. Mara nyingi nilikuwa nimemwosha mgongo nisiangalie. Siku hiyo aliniambia niangalie. Tumbo lake, lililokuwa limelegea kwa uzazi, lilikuwa limejaa chale, mistari ya vinundu vilivyopangwa kwa mkono wa mtu mwenye subira, ikizunguka kitovu na kushuka. Alinishika kidole akakipitisha. Huu ulitiwa alipotoka uwali; huu alipozaa; huu mdogo pembeni ni wa mtoto aliyekufa, ili asisahauliwe. Ule wa kitovuni, alisema, ni wa babu yako, na akacheka kicheko kifupi cha kike. Kisha akasema jambo ambalo nilitegemea lingetuokoa sote: "Kondo baba yako anaona haya ya mkono wenye alama. Yeye mwenyewe katoka wapi, kama si ndani ya tumbo hili?"

Nilidhani atatoka akamwambie. Labda alimwambia. Nijualo ni kwamba baba hakubadilika. Walimwita Mwalimu Rajabu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, mtu mpole mwenye kikohozi, wakakaa barazani na mimi nikabana sikio. Mwalimu alisema kuchora mwili ni makosa, ndiyo, lakini kijana atubu na mambo yaishe. Rangi imo ndani ya ngozi, maji ya udhu yanafika juu yake, sala yake ni sala, na kuichuna ngozi ni dhambi nyingine juu ya ya kwanza. Ilikuwa fatwa ya huruma na nilitaka kupiga kigelegele. Baba alimshukuru sana, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi akasema kwamba Mwalimu kazi yake ni kufungisha ndoa, na yeye kazi yake ni kutoa mtoto, na hatampa mwanawe mtu ambaye watoto wa Kurui wanamwita samaki. Akasema nitatolewa nje korosho zikishaisha kuvunwa. Mkono ukiwa safi, bwana harusi ni Sefu. Usipokuwa safi, mwenye duka wa Mzenga ana kijana wake ameshauliza.

Tangu siku ile chakula kilinishinda. Bibi alisimama mlangoni nami nikawa natafuna ugali kama ninatafuna mchanga, na alipoondoka nilimtapikia mwanahiti. Sijui niwaelezeje watu wa leo hofu ya msichana aliyefungiwa chumbani huku maisha yake yanagawanywa upande wa pili wa ukuta. Huwezi kukimbia, kwa sababu mwali akitoka kabla ya siku yake inasemwa uzao wote wa nyumba unakauka, na mimi niliamini. Huwezi kubishana, kwa sababu huna sauti. Unachoweza ni kusikiliza, na kadiri unavyosikiliza ndivyo unavyojua mapema kuliko wote kwamba mambo yanaharibika.

Wazo la korosho lilikuwa la Bibi. Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe na kushindwa kumlaumu, mpaka leo. Kila mwanamke wa Kisarawe anajua ukali wa ganda la korosho. Ukibangua bila kupaka majivu mikononi, yale mafuta yake meusi yanakuunguza mpaka vidole vinababuka ngozi. Wasichana watundu huandikia majina ya wapenzi wao mapajani kwa mafuta hayo. Na wazee huyatumia kuondoa chunjua: unatia tone moja, chunjua inaungua, inakauka, inadondoka, ngozi mpya inakuja. Bibi alikuwa ameondoa chunjua za nusu ya Kurui. Akafikiri mchoro nao ni kitu cha juu ya ngozi, utadondoka na gamba lake. Chale za kwetu zimechanjwa juujuu na masizi yamekaa hapohapo. Hakujua kwamba kichana cha yule mpishi kiligongwa mpaka ndani. Alitaka kufanya kidogo kidogo, kidole kwa kidole, mpaka mwaka mwingine. Baba akasema hakuna mwaka mwingine. Bibi alikuwa na wajukuu wawili na harusi moja ya kuwaozesha, na alitaka kuiona kabla hajafa.

Siku yenyewe nilijua kwa harufu. Maganda yalikuwa yanachomwa nyuma ya jiko kwenye chungu kilichotobolewa, mafuta yakidondokea chungu cha chini, na moshi wake ulipenya ukutani ukanichoma macho. Nilisikia Sefu anaambiwa akae. Nilisikia Bibi anamuuliza kama amekula. Ndipo nilipofanya jambo ambalo halijafanywa na mwali yeyote niliyepata kumsikia. Niliuwekea ukuta mdomo nikasema kwa sauti yangu yote, "Sefu, usikubali. Mimi nakutaka na mkono wako. Nakutaka na hao watu wako wote."

Mwanamume mmoja akasema astaghfirullah. Kisha Sefu akasogea karibu na ukuta. Niliona kivuli chake kikiziba ufa. Hakuniambia maneno matamu. Alisema, "Mwanaidi, mjomba hatakutoa kwangu hivi. Nimeshahesabu kila njia." Halafu akasema polepole, kwa ajili yangu tu, "Ninaogopa." Akarudi akakaa. Bibi alisema aanze na kasa peke yake, na Sefu akamwambia, "Paka wote, Bibi. Tumalize."

Hakupiga kelele. Nilijaribu kulia kwa niaba yake nikashindwa, nikawa namuuma mwanahiti kichwani. Bibi alipoingia kuniletea chakula cha jioni mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa, na hakuniita mke mwenzake. Kwa siku kadhaa mkono ulivimba, ukafura malengelenge, Sefu akalazwa ukumbini, upande wa pili wa ukuta wangu wa mbele, akiweweseka na kuongea Kiingereza cha jeshini. Kisha ngozi ikaanza kutoka. Wanawake waliniambia ilitoka vipande vipande kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake, kwenye nyama mbichi, kasa alikuwapo. Mawimbi yalikuwapo, na meno pia, meusi kuliko mwanzo. Baba alikuja akatazama. Nilimsikia akikohoa kwa muda mrefu. Akasema basi dawa imeonyesha njia, iongezwe. Bibi alikataa, nataka hilo lijulikane. Alikataa akalia, na aliyemshika mkono kumwambia apake mara ya pili alikuwa Sefu mwenyewe, aliyekuwa tayari ana homa na anadhani, maskini, kwamba amebakiza kidogo tu.

Baada ya hapo sikula kwa sababu ya harufu. Nisieleze. Nyumba ile nzima ilikuwa ikinuka, na watu wakaacha kuja, na Bibi akawa anachemsha majani ya kila aina na kunung'unika aya alizozijua. Sikuwa tena nahesabu harusi. Nilikuwa nikiomba Mungu jambo moja, apumue, na nilisikiliza kupumua kwake ukutani mpaka nikawa napumua naye.

Katika hali hiyo akafika mwanamke mgeni. Alibisha hodi kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, akajitambulisha kuwa ni Mama Chande, ametoka Janga, amelala njiani kwa watu wa Mungu. Sefu alipotoka vitani alimpelekea salamu kwa mchuuzi wa samaki wakavu, kwamba mwanawe hakuzikwa lakini alama yake anayo mkononi, na kwamba akipenda atamwendea amwonyeshe. Mama Chande alikuwa amengoja palizi iishe, akaona asimsumbue askari, aje mwenyewe. Alikuwa amemletea kuku. Nilisikia kigoda kikivutwa, nikasikia kuku akipapatika sakafuni miguu ikiwa imefungwa.

"Naomba nimwone mwanangu," Mama Chande alisema.

Walifunua jani la mgomba lililofunika mkono wa Sefu. Sijui aliona nini, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukubali kunieleza. Nilisikia tu kwamba hakupiga yowe. Alimuuliza Sefu, kwa upole wa mama anayemwamsha mtoto, "Baba, Chande alikuwa wapi hapa?" Na Sefu, ambaye kwa siku nyingi hakuwa amemjibu mtu jambo la maana, akasema, "Hapo, mama. Karibu na kiwiko. Alikuwa hapo." Alirudia mara nyingi kwamba alikuwa hapo, na kwamba anaomba radhi. Mama Chande akamwambia ameshamwona, amemwona vizuri, alale. Kisha akatoka barazani walikokaa wanaume, baba yangu akiwamo, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. Akawaambia kijana anaoza na wao wamekaa. Akawaambia wamchukue sasa hivi, na kama hawana mabega yeye anayo.

Walimbeba na kitanda chake mpaka barabarani, wakapata lori la mkaa linalokwenda Dar es Salaam. Alikaa hospitali muda mrefu, na habari zilitufikia kwa matone: yu hai, homa imeshuka, wamemkata mkono begani, kwa sababu hapakuwa na cha kuokoa. Nililia kwa furaha. Watu wanisamehe, nililia kwa furaha, kwa sababu nilidhani yale mambo yote yalikuwa juu ya mkono, na sasa mkono haupo, hakuna alama, hakuna kasa, hakuna cha kumchekesha mtoto wa Kurui. Nilianza kula. Bibi naye aliniita mke mwenzake kwa mara ya kwanza tangu siku ya maganda, akanisinga kwa liwa, na tukawa tunazungumza ni chumba gani tutampa na nani atakuwa akimfungia vifungo vya kanzu. Nilisema ni mimi.

Baba alikuja siku moja mchana, akaketi upande wa pili wa mlango, kwa kuwa hata yeye hakuruhusiwa kuniona. Alizungumza nami kwa heshima, kama mtu mzima, na hilo lilinitisha. Akasema amekwenda mjini kumwona mpwa wake na amelia mbele yake, na nilimwamini, sauti yake ilikuwa bado na machozi. Akasema Sefu ni damu yake na hatakosa pa kulala. Lakini mwanamume atalishikaje shoka, atapandaje mnazi, atafyekaje shamba? Yeye ni mzazi, hana budi kutazama mbele. "Mkono mmoja haulei mwana," alisema. Methali ambayo sote tulifundishwa ili tusaidiane, baba yangu aliitumia hivyo. Nilimwambia kwamba mkono huo ni yeye aliyeutaka. Hakunikemea kwa kupaza sauti. Nilisikia anavyosugua viganja, kisha akasema mwenye duka wa Mzenga ameshaleta ujumbe, na akaondoka.

Nikatolewa nje. Walinipaka mafuta, wakanivika ushanga, wakanibeba mabegani kwenye ngoma iliyojaza uwanja wote wa Bibi, na mwali akibebwa hufumba macho, ndivyo tulivyofundishwa, asiangalie watu mpaka ashushwe. Jua liliniumiza hata kupitia kope. Makofi yalikuwa yakipigwa kwa pamoja, mazito, na ndani yake nikasikia pigo moja lisilofanana na mengine, butu, upande wa kichaka cha mihogo. Nikafumbua macho. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, amekonda, katika shati lake la jeshi, mkono wa shati wa kushoto umebanwa kwa pini. Hakuwa analia. Alikuwa amekuja kunicheza ngomani kama ndugu yeyote anavyomcheza mwali wao, na kwa kuwa watu wote walikuwa wananipigia makofi, Sefu alikuwa ananipigia paja lake.